Mkono wa Baunsa Unaishia Wapi

Mimi ni baunsa. Nasimama mlangoni mwa ukumbi mmoja wa muziki huku Sinza, Dar es Salaam, kuanzia saa tatu usiku mpaka bendi ifungashe vyombo, na siku hizi mimi ndiye ninayewapanga vijana wa zamu: nani akae mlangoni, nani karibu na jukwaa, nani azungukie meza za nyuma ambako taa hazifiki vizuri. Wanaotuona na fulana nyeusi na vifua vilivyojaa hudhani tumeajiriwa kupiga. Baadhi yetu hudhani hivyo pia. Kwa hiyo kijana mpya akiletwa, huwa namuuliza kabla hajapewa fulana: nani aliyekupa ruhusa ya kumshika mtu asiyetaka kushikwa, na ruhusa hiyo inaishia wapi?

Wengi hunijibu, "Bosi." Lakini bosi hana ruhusa hiyo ya kugawa. Anaweza kumwambia mteja atoke kwenye ukumbi wake, na mteja akigoma tunaweza kumtoa. Zaidi ya hapo bosi ni raia kama sisi. Nimeisoma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, na humo baunsa hana fungu lake. Kilichopo ni kifungu cha 18A, kinachompa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake, na kutetea mali yake au iliyo chini ya uangalizi wake. Muuza karanga aliyekaa nje ya geti anayo haki hiyo sawasawa na mimi. Kinachofuata, 18B, vijana wangu wanakijua kwa moyo maana nakirudia mno: mtu atumie nguvu ile tu inayofaa na inayohitajika kwa utetezi huo, akizidisha, atajibu kwa kosa lolote litakalotokana na ile ziada, na mtu akifa kwa ajili ya ziada hiyo, kosa ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Shambulio la kudhuru mwili lipo kwenye kifungu cha 241, na mtu anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Kukamata nako kuna mipaka yake. Naweza kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yangu, kisha nimkabidhi polisi bila kuchelewa. Sikupewa ruhusa ya kumfungia mtu stoo nyuma ya kaunta kwa saa mbili mpaka ndugu zake watume hela ya bili.

Hayo mtu anaweza kuyakariri kwa jioni moja. Kilichonichukua muda ni kuelewa kwa nini yamewekwa hivyo, na hapo aliyenisaidia si wakili. Ni maalimu wangu wa chuoni, Ngamiani, Tanga, ambaye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Nilikuwa mdogo bado, nakaa ukingoni mwa mkeka wakati wakubwa wakisomeshwa Minhaj ya Imam an-Nawawi, kitabu cha fikihi ya Kishafii cha karne ya 13 ambacho pwani yetu imekisoma kizazi baada ya kizazi. Mna mahali humo panapozungumziwa mtu anayekushambulia. Imam anasema azuiwe kwa kile kilicho chepesi kabisa kinachotosha. Yakitosha maneno, au kupiga ukelele wa kuomba msaada, basi kupiga ni haramu. Ukitosha mkono, mjeledi ni haramu. Ukitosha mjeledi, fimbo ni haramu. Kukitosha kukata kiungo, kuua ni haramu. Na ukiwa na nafasi ya kukimbia, kauli ya madhehebu ni kwamba kukimbia kunakuwa wajibu na kupigana kunakatazwa.

Kisha Maalimu akakazia jambo ambalo wakati ule lilinipita na leo ndilo ninalolifanyia kazi. Anayezuiwa si lazima awe mkosaji. Mwendawazimu akikujia na panga unaruhusiwa kumzuia, na mtoto vilevile, na hata ngamia aliyepagawa. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Maalimu, mwendawazimu haandikiwi dhambi. Tutampigaje?" Maalimu akamjibu, "Mwanangu, humpigi kwa dhambi yake. Unauzuia mkono wake usikufike. Ukishauzuia, huna tena shughuli naye."

Hapo ndipo palipo na jibu la swali langu lote. Nguvu niliyopewa inapima hatari, haipimi dhambi. Ingekuwa inapima dhambi, mwendawazimu asingeguswa kabisa, na mlevi mwenye ulimi mchafu angestahili kichapo hata akiwa ameshakaa chini analia. Kwa kuwa inapima hatari, inakuwa kinyume chake: asiye na kosa lolote naweza kumshika kwa nguvu nyingi kama ana kisu, na mwenye makosa tele simgusi kama mikono yake haimdhuru mtu. Saa nane usiku baadhi ya wateja wetu hawakumbuki hata mtaa wanaokaa. Je, mlevi wa namna hiyo atabeba lawama kamili ya anayoyafanya? Wanazuoni wamelijadili hilo kwa karne nyingi, na mahakama zinaendelea kulijadili. Namshukuru Mungu kwamba kazi yangu hainitaki nisubiri jibu lao. Nikitazama mkono wake tu, nimeshajua la kufanya.

Kwenye kiganja changu cha kushoto, chini ya dole gumba, kuna alama ya meno. Ni ya mteja aliyening'ata nikimwachanisha na mwenzake, naye hakutaka kuachia. Nilivuta mkono kwa nguvu, jino lake la mbele likalegea. Wenzangu walinitania kwamba nitalipia jino la watu. Lakini katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyemng'ata mwenzake, yule akauchomoa mkono wake, meno ya mng'ataji yakang'oka. Wakaenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akakataa kumpa mng'ataji fidia yoyote. Kuvuta mkono ni haki ya mwenye mkono. Na nikasema mbele ya vijana wote siku ile kwamba kama ningevuta mkono kisha nikamrudishia ngumi ya mdomo, jino lingekuwa deni langu, duniani na akhera. Kati ya kuvuta na kurudishia ni nukta moja ya saa. Ndani ya nukta hiyo mtu anatoka kuwa mlinzi anakuwa mshambuliaji, na nje hakuna kilichobadilika: fulana ni ileile na ukumbi ni uleule.

Nitatoa mfano. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wameshapata mishahara. Mteja aliinua chupa akimlenga mhudumu. Kijana wangu, mpya kabisa, akawahi, akaukamata mkono wa chupa, akamlaza chini, chupa ikabingirika mpaka miguuni mwa jukwaa. Kazi safi. Kisha nikaona goti la yule kijana limebaki mgongoni mwa mteja na ngumi yake inapanda. Nikaidaka kwenye kifundo. Tulipofika kwenye korido alikuwa anahema.

"Kaka mkubwa, alinitukania mama yangu."

"Nimesikia. Chupa ilikuwa wapi?"

"Imeshaanguka."

"Sasa ngumi ilikuwa inamzuia nani?"

Hakujibu. Baadaye, tukinywa chai kabla ya alfajiri, akanipa hoja yake, na siidharau kwa sababu nimeisikia kwa watu wazima wenye heshima zao. "Kaka," akasema, "mtu kama yule asipoipata fresh, Jumamosi ijayo yuko hapa. Polisi wenyewe kesho wanamwachia. Sisi tusipomtia adabu, nani atamtia?"

Hoja hii ina uchungu wa kweli ndani yake. Mhudumu aliyekuwa apigwe chupa ni dada wa watu, analea watoto wawili, na hakuna kituo cha polisi kitakachokesha naye kumlinda. Lakini anayetaka kutoa adhabu sharti awe amesikiliza, na baunsa hasikilizi, anafika ugomvi umeshaiva. Siku za taarab ugomvi wetu mwingi huzuka kwenye kutunza. Mama anainuka na noti zake kwenda kumtunza mwimbaji, mwenzake anaona maneno ya wimbo amerushiwa yeye, na hapo tena. Usiku mmoja tulimtoa mama aliyemmwagia mwenzake bia kichwani, kila mtu kamwona. Nje, kwenye mwanga, dada wa timu yetu ndiye aliyegundua kwamba yule mama alikuwa na jeraha bichi la moto wa sigara mkononi, la kuchomwa makusudi. Sisi tuliona kitendo cha pili. Karibu kila mara sisi huona kitendo cha pili. Tungemwadhibu, tungekuwa tumemwadhibu aliyeonewa, kwa ushahidi wa macho yetu wenyewe.

Na hata ningeyaona yote tangu mwanzo, adhabu bado si yangu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13, imekataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kinyama na za kumdhalilisha. Katazo hilo linaifunga hata mahakama baada ya kesi kusikilizwa, mashahidi wakahojiwa, na mtu akapatikana na hatia. Ikiwa Jamhuri nzima, pamoja na majaji na magereza yake, imejinyima uwezo huo, mimi mwenye redio koli na fulana nimeutoa wapi? Na wenzetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 29, wamelisema waziwazi zaidi: mtu asifanyiwe ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa mamlaka ya umma au kwa watu binafsi. Baunsa ni mtu binafsi. Ibara ile inamhusu moja kwa moja, na natamani kila ukumbi wa Nairobi na Mombasa uwe nayo ukutani, penye saa ya zamu.

Kuna jambo ambalo sheria hulikamata kwa shida, nalo linaniuma kuliko ngumi. Ni tanganyika jeki. Asiyeijua nitamweleza: unamshika mtu suruali kwa nyuma, kwenye mkanda, unaivuta juu kwa nguvu mpaka mshono unambana, visigino vinanyanyuka, anabaki anatembea kwa ncha za vidole huku mikono inapepea. Unamsukuma hivyo katikati ya ukumbi, kupita mbele ya mke wake, mbele ya wafanyakazi wa ofisini kwake, watu wanashangilia, simu ziko juu zinarekodi. Mwili haukuumia. Akienda polisi apewe fomu ya PF3, daktari ataandika nini? Hana mchubuko, hana uvimbe. Lakini nimemwona mwanamume wa makamo, mtu wa heshima mtaani kwake, aliyetolewa hivyo na mabaunsa wa ukumbi mwingine kwa sababu ya kubishana bei, amekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, ameficha uso kwa kofia yake, anakataa kuingia bajaji iliyoitwa na mwanawe. Kipi kilichoharibika pale ambacho fomu ya polisi haina mahali pa kukiandika?

Dini imekiandika. Katika sira ya vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, Mtume alikuwa ananyoosha safu za askari wake, mshale mkononi. Sawad bin Ghaziyya alikuwa amejitokeza mbele ya safu. Mtume akamgusa tumboni kwa ule mshale ili arudi mahali pake. Sawad akasema ameumizwa, na kwamba Mtume ametumwa kwa haki na uadilifu, basi ampe nafasi ya kulipiza. Nawaomba mabaunsa wenzangu watulie hapa. Huyu ni amiri jeshi, asubuhi ya vita, ananyoosha safu ambayo isiponyooka watu watakufa. Alikuwa na kila sababu ya kusema, "Nipo kazini." Badala yake alifunua tumbo lake akamwambia Sawad alipize. Sawad akamkumbatia, akalibusu tumbo lile, kwa kuwa alitaka ngozi yake iguse ya Mtume kabla hajafa. Wahubiri wengi hushikilia lile busu, kwa sababu ni tamu. Mimi nashikilia lililotangulia: mwenye mamlaka ya kweli, katika kazi halali, alikubali kwamba mguso wa mshale tu kwenye tumbo la mtu unaweza kudaiwa, na hakumwambia mdai aonyeshe jeraha.

Kwa hiyo jeki kwetu hakuna. Mteja anayetolewa anatolewa na watu wawili, mmoja ameshika kiwiko, mwingine ameweka kiganja kilicho wazi mgongoni, kupitia mlango wa pembeni ulio karibu na vyoo. Anaitwa kaka, au mzee wangu, au dada, hata akiwa anatukana, hata akiuliza kwa mara ya kumi kama tunamjua yeye ni nani. Kiatu kikimvuka, mtu anarudi kukichukua. Na kabali nimeipiga marufuku kabisa. Mkono shingoni mwa mtu aliyelewa ni kifo kinachongoja: pumzi yake tayari ni nzito, anaweza kutapika na matapishi yasipate pa kutokea, na baunsa anayemkaba hawezi kujua kama ametulia au amezimia. Kumlaza kifudifudi ukamkalia mgongoni ni hatari ileile. Katika mpangilio wa Imam an-Nawawi kabali ipo juu sana, jirani na kuua, na bado wapo mabaunsa wanaoitumia kwa mtu aliyekataa kushuka kwenye kiti.

Msomaji Mwislamu ameshajiuliza zamani: huyu anayenukuu Minhaj anafanya nini mlangoni mwa mahali panapouzwa pombe? Shekhe wa msikiti wetu ameniambia wazi kwamba nitafute riziki kwingine, na kauli yake naiheshimu, natafuta. Lakini maadamu niko pale, Mungu ataniuliza pia juu ya kila mwili uliopita mikononi mwangu, na sioni kwamba swali la kwanza linafuta la pili.

Saa tisa usiku, nje ya geti, ndipo kazi hii inapoonyesha thamani yake. Mtu anapiga ukelele, "Mwizi!" Kijana kachomoa simu kwenye mkoba, kakimbia hatua ishirini, kakamatwa. Kufumba na kufumbua wamemzunguka watu ambao dakika tano nyuma walikuwa wanacheza sebene. Mmoja ana tofali. Ukiwa mgeni wa mji huu ungeapa kwamba wamechanganyikiwa, lakini ni watu wa kawaida kabisa: fundi simu, mwalimu, dereva wa bodaboda. Hapo vijana wangu wanajua. Wanne wanaingia katikati, mgongo kwa mgongo, mwizi katikati yao, na mikono yetu inawasukuma wateja wetu wenyewe, wanaotulipa. Tunasukuma kwa nguvu, ikibidi tunamnyang'anya mtu tofali kwa kumpinda mkono. Sheria iko nasi: kifungu cha 18A kinasema kumtetea mtu mwingine, na hakikuweka sharti kwamba huyo mtu awe mwema. Mtume naye aliposema umsaidie ndugu yako akiwa dhalimu au akiwa mwenye kudhulumiwa, maswahaba waliuliza dhalimu anasaidiwaje, akawajibu kwamba anasaidiwa kwa kuzuiwa asidhulumu. Kwenye duara lile tunamsaidia mwizi asife, na tunamsaidia mwalimu asiamke kesho akiwa ameua mtu kwa ajili ya simu isiyo yake. Mkono uleule uliokatazwa kumpiga mlevi aliyelala chini, hapa umewajibishwa kutumia nguvu. Ningekuwa napima dhambi, ningeuachia umati mwizi yule. Napima hatari, na hatari saa ile iko kwenye tofali.

Wenye kumbi wana sehemu yao. Wapo wanaomnong'oneza baunsa, "Yule mpe somo kidogo," kisha wanarudi kaunta. Kijana mwenye posho ya usiku mmoja atakataaje? Lakini mbele ya hakimu agizo la bosi halitamkinga, atasimama peke yake kizimbani, na mbele ya Mungu hakuna utii kwa kiumbe katika kumwasi Muumba. Bosi anayetoa agizo hilo anamtumia kijana maskini kufanya asichothubutu kukifanya kwa mkono wake, na naye ana hesabu yake.

Nawaomba wenye kumbi, kabla ya kupima kifua cha kijana mnayetaka kumwajiri, muulizeni ataacha kupiga wakati gani, na asiyekuwa na jibu msimpe fulana. Nawe mteja, ukimwona mmoja wetu anaendelea kumpiga mtu aliyekwisha kushindwa, usitosheke na kurekodi. Mwambie kwa sauti aache, waite wenzake, waite wenzako. Aliyeumizwa akiwa anapumua kwa shida, hospitali kwanza. La sivyo, mpelekeni kituoni achukue PF3 usiku huohuo, kabla mashahidi hawajatawanyika.